Tulikwenda kuulizia kilo, tukapimwa visigino

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kushona Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza cha mama yangu, na sasa nina chumba changu Leicester, Uingereza, ambako watu wananiletea nguo za kutanua, kubana na kukunja pindo. Kuukisia mwili wa mtu ni kazi yangu ya kila siku. Mteja akiingia mlangoni, kabla sijashika futi nimeshajua kama kiuno ni 32 au 36. Pamoja na hayo, mwaka jana nilikaa miezi minne na binti yangu chini ya paa moja bila kujua kinachomsibu, na aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyemlipa pauni 65 kwa shughuli nyingine kabisa.

Shughuli yenyewe ni kipimo cha utayari wa viatu vya pointi. Kwa wasiovijua, hivi ndivyo viatu vya baleti ambavyo mchezaji anasimama navyo juu ya ncha za vidole vya miguu. Mtoto haanzi navyo. Anacheza miaka kadhaa na viatu laini kwanza, halafu ukafika wakati mtu lazima aamue: yuko tayari au hayuko tayari. Binti yangu alianza baleti akiwa na miaka 8. Alipotimiza 11, wenzake wawili wa darasani wakapewa karatasi ya kwenda kununua viatu. Yeye hakupewa.

Mwalimu wake wa wakati ule (shule ile tumeshaihama, na jina lake nalihifadhi) nilimfuata ukumbini nikamuuliza kwa heshima shida iko wapi. Akanijibu mbele ya wazazi wengine, na mtoto yuko pembeni anavaa koti: miguu yake mizuri, ila akipungua kidogo mambo yatakuwa mepesi. Alisema kwa upole. Pengine hata hakumbuki. Mwanangu alifunga zipu ya koti mpaka shingoni, tukatoka.

Na halikuwa neno la kwanza. Hapa Uingereza watoto wa shule za msingi hupimwa urefu na uzito mara mbili, wanapoanza shule na tena wakifika darasa la 6, halafu barua inaletwa nyumbani. Ya kwetu ilisema yuko juu ya kiwango cha umri wake. Niliitia kwenye droo ya vifungo. Nikaja kugundua baadaye kwamba mtoto alikuwa ameshaisoma.

Huku nako kila Ijumaa tunapiga simu ya video Tanga, na bibi yake anatazama kioo anasema, "Mbona mjukuu wangu kanywea hivi? Huko kwenu hakuna wali?" Mtoto wa miaka 11 anakaa katikati ya hayo. Kwa bibi kukonda ni ugonjwa, kwa mwalimu kunenepa ni kizuizi. Mimi mama yake nilikuwa kimya, kwa sababu kwetu uzito wa mtoto hausemwi, na nilidhani kutosema kunatosha kumkinga.

Basi nikatafuta mtu wa tatu. Mama mmoja Mzimbabwe ambaye binti yake anacheza huko huko akanielekeza kwa mtaalamu huyu. Ana chumba kimoja tu, juu ya duka la dawa, ngazi 19 za kupanda. Yuko peke yake, na aliniomba jina lake nisilitangaze kwa kuwa foleni imefika wiki 6 na hana msaidizi. Nimeheshimu. Ila wataalamu wa namna yake wapo kwenye miji mingi ya hapa. Tafuteni anayetibu wachezaji dansi, asiwe wa migongo ya wazee peke yake, maana vipimo ni tofauti.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba chumbani hamna mizani. Nilitazama kila kona. Kulikuwa na kitanda cha kuchulia, kioo kirefu, bomba la ukutani la kushikia, mpira mkubwa wa mazoezi, na sanduku la viatu vya pointi vilivyochakaa. Nikauliza, kwa sababu nilikuja na swali langu mdomoni: "Hutampima kilo?" Akasema, "Sina haja nazo. Mwambie avue soksi."

Nieleze vipimo vyenyewe, maana hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda na sijutii hata peni moja.

Alianza na penseli. Mtoto amekaa kitandani, mguu umenyooshwa na wayo umeelekezwa mbele kadiri unavyoweza. Yule mtaalamu akaiweka penseli ya kawaida, ya manjano, juu ya kifundo cha mguu, ikilala kutoka kwenye mgongo wa wayo kuelekea ugokoni. Penseli ikilala bapa bila kuinuliwa na mfupa wa ugoko, wayo unaweza kunyooka mpaka ukawa mstari mmoja na mguu, na mchezaji akisimama juu ya kiatu uzito utashuka wima. Ikiinuka, mwili utabaki nyuma ya kiatu na atalazimika kuufidia kwa mgongo na magoti. Penseli ya mwanangu ililala kama rula juu ya kitambaa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kisha visigino. Simama mguu mmoja, goti limenyooka, panda juu ya vidole, shuka polepole, panda tena. Vidole viwili tu vimegusa ukuta kwa ajili ya mizani ya mwili. Huyu mtaalamu anataka zisizopungua 20 kila mguu, zilizo safi. Mguu wa kulia alifika 11, wa 12 goti likapinda. Wa kushoto 8. Mimi niliyekaa kwenye kiti niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikimtazama akicheza: kadiri alivyochoka, kifundo kilikuwa kinalala upande wa kidole kidogo, kama kisigino cha kiatu kilicholika upande mmoja.

Halafu ndege. Mtoto anasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameunyoosha nyuma, kiwiliwili kimeinama mbele sambamba na sakafu, mikono imetanda kama mabawa. Anakunja goti la mguu aliosimamia mpaka vidole vya mikono viguse chini, anarudi. Mara 5. Anayefaulu anafanya 4 bila goti kuingia ndani na bila nyonga kuanguka upande. Wangu alifanya 2. Baadaye miruko 16 ya mguu mmoja, ambayo angalau 8 inatakiwa kutua sawasawa, na mzunguko mmoja wa pirueti, yaani kujizungusha juu ya mguu mmoja, kuona kama anautawala mpaka mwisho au anaanguka tu akabahatika kudakwa na mguu mwingine. Hapo nisirefushe. Miruko ilimtosha kwa shida, pirueti ilikuwa nzuri.

Dakika 40 zimepita na hajaambiwa neno moja kuhusu umbo lake. Ndipo nikauliza tena, na sasa niliuliza wazi, kwa Kiingereza changu cha dukani: mwalimu amesema apungue, je, apungue kilo ngapi?

Yule mtaalamu aliweka kalamu chini. Hakunijibu mimi, alimgeukia mtoto. Akamwambia hakuna kilo inayoandikwa popote ya kuruhusu viatu vya pointi. Ukisimama juu ya ncha, mwili wote unashukia eneo dogo kama sarafu kubwa, na kinachoushika ni vigimbi, misuli midogo ya wayo, nyonga na tumbo. Msichana mwepesi mwenye vigimbi dhaifu anaanguka na kuumia. Msichana mzito kuliko yeye mwenye vigimbi imara anasimama. Akamshika kigimbi akambonyeza, akasema: "Hiki ndicho tunachokisubiri. Na hiki kinajengwa kwa chakula."

Akaendelea kueleza jambo ambalo mimi, mwenye watoto watatu, sikuwa nimelipanga vizuri kichwani. Msichana anayekaribia kuvunja ungo huongezeka nyama nyongani na mapajani kabla hajarefuka au wakati anarefuka, na mwili unafanya hivyo kwa makusudi, unajiandaa kwa hedhi. Mifupa hurefuka haraka kuliko misuli inavyoweza kuifuata, kwa hiyo katika miezi hiyo hata mtoto aliyekuwa hodari anaweza kuyumba. Kumnyima chakula wakati huo hakumpi wepesi. Kunamla misuli anayoihitaji. Ukiendelea, hedhi inachelewa au inakatika, na mifupa, ambayo sehemu kubwa ya uimara wake inawekwa akibani katika miaka ya ujana, inabaki na upungufu. Ndiyo wachezaji wanaopata nyufa kwenye mifupa mirefu ya wayo. Wanamichezo wana jina la hali hiyo, kwa kifupi REDS, yaani nguvu inayoingia mwilini ni ndogo kuliko inayotumika, na si lazima mtu awe mwembamba ndipo impate.

Akauliza swali la kawaida kabisa, la kujaza fomu: "Siku za darasa unakula nini kabla ya kucheza?"

Nikajibu mimi, kwa fahari. Nikasema siku za darasa hali, anafunga. Mwanangu alifunga Ramadhani nzima mwaka ule, mara yake ya kwanza, na sisi nyumbani tulimfurahia mno, bibi yake alimtumia kanga. Ikaisha Ramadhani akafunga sita za Shawwal. Zikaisha akaniambia atafunga Jumatatu na Alhamisi, kama sunna. Nani atamkataza mtoto? Nilimsimulia mama mkwe. Nilimwombea dua.

Darasa la baleti ni Jumatatu na Alhamisi.

Mtaalamu hakusema lolote kuhusu dini. Alimtazama mtoto tu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anafunga kwa sababu anapenda kufunga, au kuna sababu nyingine. Mwanangu aliangalia miguu yake, ile mitupu, juu ya kitanda. Akasema kwa Kiswahili, akinielekea mimi: "Nikifunga, mama hukasiriki."

Nimeandika na kufuta hapa mara kadhaa, sina namna nyingine ya kuliweka. Kukataa chapati mezani kungenifanya nigombe. Kufunga kulinifanya nimbusu kwenye paji la uso. Mtoto aliupata mlango niliokuwa nimeuacha wazi mwenyewe.

Tulishuka zile ngazi 19 na jibu la kipimo mkononi: bado. Wayo unafaa, nguvu haijatosha, arudi baada ya miezi 5. Kwa kawaida jibu kama hilo lingemliza. Hakulia. Njiani alininong'oneza, "Kumbe ni vigimbi." Alirudia mara mbili mpaka tunafika kituo cha basi.

Yaliyofuata nitayapita haraka maana mengine ni ya nyumbani kwetu. Tulimwona daktari wetu. Alichukua barua ile ya shule na vipimo vyote vya tangu utotoni akavichora kwenye chati moja, akatuonyesha kwamba nukta moja haisemi kitu, kinachotazamwa ni mstari. Na mstari wa mwanangu ulikuwa unapanda vizuri miaka yote, juu kidogo ya wengi, mpaka miezi ile minne ulipoanza kuinama. Alitushauri pia kuhusu vitamini D, na hili nawaambia Waswahili wenzangu mlioko huku: mwenye ngozi nyeusi katika nchi hizi zenye jua haba anashauriwa kuifikiria mwaka mzima, mikrogramu 10 kwa siku, asiishie majira ya baridi. Ustadh wa madrasa naye nilimweleza, nikiogopa. Alimwita mtoto akamkumbusha kwamba saumu ni nia, na yeye bado haijamlazimu. Nia ya kukonda haina saumu ndani yake, ni njaa tu. Alisema hivyo mbele yangu, bila kumfokea. Kama mtoto wako anaficha chakula, anakasirika ukimpakulia, anajipima kila siku, au anashikilia saumu kwa nguvu isiyo ya kawaida, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda kwa daktari.

Nirudi kwenye huduma. Mazoezi tuliyopewa yalikuwa matano na hayakuhitaji kununua kitu zaidi ya mpira wa tenisi na mkanda wa lastiki. Mpira unabanwa katikati ya vifundo viwili, chini tu ya mfupa wa ndani, halafu unapanda na kushuka kwa vidole. Ukiangusha mpira ujue kifundo kimelala upande. Lingine ni la kuukunja wayo uwe kama kuba huku vidole vimelala chini vimenyooka, havijajikunja. Hilo linaonekana jepesi. Nilijaribu mimi, wayo ukanikakamaa. Lingine ni kusimama mguu mmoja ukipiga mswaki, na ukiweza, ufumbe macho. Bafuni kwetu kwa miezi 5 kulikuwa na dawa ya meno kwenye kioo.

Na chakula kabla ya darasa: ndizi na siagi ya karanga, au uji, au chapati moja na maharage ya nazi yaliyobaki jana, saa moja na nusu kabla. Baada ya darasa, maziwa na wali wake kama kawaida. Hakuna kilichokatazwa.

Tulirudi Novemba. Sasa nisikilizeni kama mafundi. Wiki ile ile nilikuwa nimemshonea leotadi mpya, lile vazi la kubana la kuchezea baleti, kwa hiyo futi yangu ilikuwa imempitia: kifua kimeongezeka inchi moja, nyonga inchi moja na nusu, mapaja karibu inchi nzima. Kwa hesabu za yule mwalimu wa zamani, alikuwa amekwenda mbali zaidi na viatu. Alipanda visigino 22 mguu wa kulia na 20 wa kushoto, kifundo kimesimama wima mpaka cha mwisho. Ndege alifanya 4, na wa 5 aliuokoa. Mtaalamu akaandika "tayari, na usimamizi", pamoja na maelekezo kwa mwalimu mpya: dakika 10 hadi 15 mwishoni mwa darasa, akishika bomba, miguu miwili kabla ya mmoja. Mara ya pili ni pauni 40.

Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, IADMS, kina mwongozo unaokwenda na haya yote, na mzazi mwenye mtoto Nairobi, Dar au Kampala asiye na mtaalamu karibu anaweza kuutumia kumhoji mwalimu. Kwa ufupi: asianze kabla ya miaka 12 au karibu na hapo, awe amefundishwa kwa mpangilio miaka kadhaa, na darasa lisipungue mara mbili kwa wiki, kiwiliwili na miguu iwe na nguvu, na mwenye viungo vinavyolegea sana asubiri zaidi, hata kama wayo wake unapendeza kuliko wa wote. Kwenye mwongozo huo wanazungumzia mifupa, misuli na mafunzo. Kilo ya kufikia hakuna. Mmarekani Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengi wanaambiwa wamechelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kupandishwa daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani. Miezi ya kusubiri haimpotezei mtu riziki yake.

Kasoro za huduma zipo na nitazisema. Wiki 6 za foleni ni nyingi kwa mtoto aliyekata tamaa. Ngazi zile mtu aliyeumia mguu atazipandaje, na ni kliniki ya miguu. Ripoti imeandikwa kwa lugha ya kitabibu, ilibidi nimrudie anifafanulie maneno manne. Na picha za mazoezi ni ndogo kama stempu. Kwa hayo namkata nyota moja, nampa 4 kati ya 5.

Kuhusu viatu vyenyewe, niseme machache kwa jicho la fundi, maana nilipata kimoja kilichokufa kutoka kwenye lile sanduku nikakichana nyumbani. Mchezaji baleti Marie Taglioni aliposifiwa Paris mwaka 1832 kwa kucheza juu ya ncha, alivaa kiatu laini cha satini kilichotiwa nyuzi za ziada tu mbele. Cha leo ni kitu kingine. Nje satini, chini yake kitambaa cha pamba, halafu tabaka za gunia na karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi mpaka zikawa ngumu kama kibuyu, na ndani ubao mwembamba unaoshika unyayo. Kinashonwa ndani nje, kisha kinageuzwa, kama tunavyogeuza kola. Chini ya vidole kuna mikunjo midogo midogo iliyopangwa kwa mkono, na fundi aliyeikunja ile niliyochana namvulia kofia. Nilihesabu, hakuna uliozidi mwenzake. Kiatu hakina kulia wala kushoto.

Sasa mambo mawili ambayo mama wa Kiswahili lazima ayasikie. Kwanza, sisi tunanunua viatu vya kukulia. Hapa usithubutu. Nilimwomba muuzaji aongeze nusu saizi akatikisa kichwa: kiatu kikiwa kikubwa wayo unazama ndani, uzito wote unakwenda kwenye kidole gumba na kucha zinatoka damu. Alijaribisha jozi 9, saa nzima, akimwambia asimame, akunje magoti, apande, huku akibana kitambaa cha kisigino kwa vidole viwili kuona kimezidi kiasi gani. Ya 7 ndiyo tuliyochukua, pauni 52. Pili, mitumba. Najua kwetu viatu hivi vinapatikana sokoni kwa bei ya chini, na riboni zake nzuri. Kiatu cha pointi kilichovaliwa kimeshachukua umbo la wayo wa mwenyewe na ubao wake umeshavunjika pale alipokunja yeye. Hata cha dada mtu usimpe mdogo wake.

Rangi ilituumiza kidogo. Watengenezaji viatu Freed of London pamoja na kundi la baleti la Ballet Black walitoa viatu vya kahawia mwaka 2018, kwa hiyo vipo duniani, ila duka lililotuhudumia lilikuwa na umbo la mwanangu kwa rangi ya waridi tu. Kuagiza ni kusubiri. Nikafanya wanavyofanya wachezaji Weusi wengi: poda ya uso ya rangi yake, sifongo lenye unyevu kidogo sana, tabaka mbili. Usiloweshe, maji yanalainisha gundi. Rangi ya mguu ikaendelea mpaka kwenye ncha bila kukatika, na alipojitazama kwenye kioo alinyamaza kwa muda mrefu.

Riboni nilishona mwenyewe, na binti yangu amekaa karibu yangu ajifunze. Unakunja kisigino cha kiatu ndani, pale mkunjo unapokutana na ukingo ndipo riboni inapokaa. Ncha ya riboni unaipitisha kwenye moto isifumuke. Unashona kwenye bitana na kitambaa cha pamba peke yake, sindano isitokeze kwenye satini, na usiuguse kabisa uzi wa kukazia unaozunguka ndani ya ukingo, maana ukiushona kiatu hakikaziki tena. Nilitumia uzi wa kusafishia meno. Wachezaji wanautumia kwa sababu haukatiki, na kweli haukatiki.

Ijumaa iliyofuata bibi alipiga yeye. Mtoto akasimamisha simu kwenye cherehani, akashika ukingo wa meza ya kukatia, akapanda kwa miguu miwili, sekunde tatu nne hivi, akashuka. Kule Tanga kimya, nikadhani mtandao umekatika. Halafu bibi akasema, "Mjukuu wangu kanawiri, mashaallah. Na hivyo viatu haviumi?" Mtoto akamwambia vinauma kidogo. Bibi akasema basi apake mafuta ya nazi. Niliwaacha wazungumze.

Mkienda kwa mtaalamu wa aina hii, chukueni kaptura fupi na leotadi ili magoti na nyonga zionekane, na viatu laini vya zamani. Mtoto awe amekula. Swali la kilo mkiwa nalo, muulizeni faragha kwanza, msiulize mbele ya mtoto kama nilivyouliza mimi. Leotadi ya mwanangu imeanza kumbana tena nyongani. Nitaitanua Jumapili; nilibakiza inchi nzima ya kitambaa ndani ya mshono, kila upande.